Meza ya Mollie Slott: uchambuzi wa kisa cha Brenda Starr, 1940

Mwaka 1940 michoro ya katuni ya mfululizo ilifika mjini New York katika ofisi za Chicago Tribune-New York News Syndicate, shirika lililokuwa likisambaza katuni kwa magazeti mengi ya Marekani. Aliyeichora alijitambulisha kwa jina la Dale Messick. Mwenye kauli ya mwisho katika shirika hilo alikuwa Joseph Medill Patterson, ambaye pia alikuwa mwanzilishi na mchapishaji wa gazeti la New York Daily News, na yeye akaikataa. Inasimuliwa kwamba alisema alikwisha kumjaribu mwanamke mchoraji mara moja na hakutaka mwingine. Michoro ikaishia kwenye rundo la kazi zilizokataliwa. Msaidizi wake, Mollie Slott, akaitoa humo na kumshauri mchoraji abadili kazi ya mhusika wake mkuu. Tarehe 30 Juni 1940 Brenda Starr, ripota mwenye nywele nyekundu wa gazeti la kubuni liitwalo The Flash, akaonekana kwa mara ya kwanza katika toleo la Jumapili la Chicago Tribune. Katika New York Daily News hakuonekana hadi 1948, miaka miwili baada ya Patterson kufariki.

Wanaokigusia kisa hiki kwa kupita hukieleza kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba Dalia Messick alijiita Dale ili wahariri wasitambue kuwa ni mwanamke. Jambo hilo ni la kweli, ila nikilipima na mtiririko wa matukio naona halitoshi kueleza yaliyotokea. Patterson alijua kuwa Dale ni mwanamke, na kwa sababu hiyohiyo alikataa, kwa hiyo kinga ya jina ilikuwa imekwisha nguvu kabla uamuzi haujatolewa. Kilichoiokoa katuni hii kilikuwa ndani ya ofisi yenyewe, na kilichoifanya idumu kwa miaka 70 ni kitu ambacho wakuu wa magazeti hawakukipa heshima yoyote, yaani nguo.

Mchoraji

Dalia Messick alizaliwa mwaka 1906 mjini South Bend, katika jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa mchoraji wa mabango na mwalimu wa sanaa; mama yake alikuwa fundi wa kushona kofia za wanawake. Asili hiyo inaonekana katika kila ukurasa aliouchora baadaye, kwa sababu mstari wake ni wa mtu aliyezoea herufi za mabango zinazopaswa kusomeka kutoka mbali, na jicho lake ni la mtu aliyekua akitazama jinsi kitambaa kinavyokunjwa, kinavyoshonwa na kinavyomkaa mvaaji. Alisoma sanaa ya biashara kwa muda mfupi mjini Chicago, kisha akaajiriwa kuchora kadi za salamu. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi alihamia New York, ambako kampuni nyingine ya kadi ilimlipa dola 50 kwa wiki, na kati ya hizo alituma dola 30 nyumbani kwa wazazi.

Mshahara huo ulikuwa mzuri kwa miaka ile, na hapa ndipo ninapoona jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Messick hakuwa mwanafunzi anayebahatisha. Alikuwa mchoraji wa kulipwa mwenye uzoefu wa miaka, aliyezoea kutoa kazi kwa tarehe iliyopangwa na kuchora kitu ambacho mteja asiyemjua atakichagua dukani. Usiku alichora katuni za mfululizo na kuzipeleka kwa wahariri. Kabla ya Brenda alikuwa ameandaa nyingine kadhaa, zikiwemo Mimi the Mermaid na Streamline Babies, na hakuna hata moja iliyochapishwa. Alieleza baadaye kwamba alipoipeleka michoro kwa mkono wake mwenyewe, wahariri hawakuamini kuwa mwanamke angeweza kuchora vile. Waliiweka kando na kumwalika watoke pamoja wakazungumzie mambo huko nje. Kujiita Dale na kutumia posta kulizaliwa na usumbufu huo. Jina la kiume lilimpatia saa chache za kutazamwa kama mchoraji kabla hajatazamwa kama mwanamke. Faida yake ilikuwa hiyo, na mpaka wake ulikuwa huohuo.

Kilichokataliwa hasa

Ni lazima tuondoe dhana kwamba magazeti ya wakati ule hayakutaka hadithi za wanawake wanaofanya kazi. Yalizitaka sana. Winnie Winkle the Breadwinner, iliyochorwa na Martin Branner kuanzia mwaka 1920, ilisimulia habari za msichana karani wa ofisini anayewalisha wazazi wake kwa mshahara wake, na ilisambazwa na shirika hilihili lililokuwa chini ya Patterson. Mwaka uliofuata shirika shindani la King Features lilianza kusambaza Tillie the Toiler ya Russ Westover, hadithi ya karani mrembo katika kampuni ya mavazi, ambaye wasomaji walimfuata kwa ajili ya gauni lake jipya kama walivyomfuata kwa ajili ya wachumba wake. Katuni hizi hazikuwa za kupita. Tillie alidumu hadi 1959 na Winnie hadi 1996. Zote mbili ziliambatana na wanasesere wa karatasi wa kukata kwa mkasi na kuvisha nguo, na wasomaji wa Tillie walitumiwa mwaliko wa kuleta mitindo yao wenyewe.

Kwa hiyo mhusika mwanamke, kazi ya ofisini, mavazi ya kisasa na mapenzi yasiyotulia, yote hayo Patterson alikuwa ameyauza kwa miaka 20 kabla ya Brenda kufika mezani. Alichokikataa mwaka 1940 kilikuwa mkono ulioshika kalamu.

Hata hapo inafaa kuwa waangalifu, kwa maana wanawake wachoraji walikuwepo na baadhi yao walikuwa na sifa kubwa. Rose O'Neill alijulikana kwa watoto wake wanono walioitwa Kewpies, Nell Brinkley kwa wasichana wake wenye nywele za mawimbi, Edwina Dumm kwa kijana na mbwa wake, na Marjorie Henderson Buell alikuwa amemwanzisha Little Lulu mwaka 1935. Ukiiangalia orodha hiyo utaona mipaka waliyowekewa: watoto, wanyama, urembo, mahaba mepesi. Hadithi ya hatari na safari, inayokatika Jumamosi mhusika akining'inia ukingoni mwa jengo, ilihesabiwa kuwa shamba la wanaume, na shamba hilo lilikuwa fahari ya Patterson mwenyewe, ambaye chini ya usimamizi wake zilianzishwa Dick Tracy mwaka 1931 na Terry and the Pirates mwaka 1934. Messick alikuwa akiomba kuingia humo, tena akiwa na mhusika mwenye viatu vya visigino virefu. Naamini hilo ndilo lililomgusa Patterson pabaya zaidi.

Patterson hakuwa mhariri mvivu, na kumfanya awe mjinga wa kisa hiki kungetuharibia uchambuzi. Alikuwa na kipaji cha kulichukua wazo lenye kasoro na kulinyoosha. Chester Gould alipomletea mpelelezi aliyeitwa Plainclothes Tracy, ni Patterson aliyempa jina la Dick. Milton Caniff, mchoraji wa Terry and the Pirates, alipohitaji pa kuanzia, ni Patterson aliyemwelekeza Mashariki ya Mbali. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya ofisi: mchoraji mwenye mkono mzuri na wazo lisilokamilika hakufukuzwa, alikalishwa na kuongozwa. Messick alileta mkono mzuri na wazo lisilokamilika, na desturi haikumfikia. Kwa jinsi hii ubaguzi katika kisa hiki unaweza kuonyeshwa bila kubahatisha moyoni mwa mtu. Inatosha kulinganisha alivyotendewa yeye na walivyotendewa Gould na Caniff katika ofisi ileile.

Alichofanya Slott

Brenda wa kwanza hakuwa ripota. Messick alimchora akiwa jambazi wa kike. Mollie Slott aliiokota michoro hiyo, akaona kilichomo, akamwambia mchoraji amgeuze jambazi awe mwandishi wa habari. Kwa maneno mengine, Slott alimfanyia Messick kile ambacho bosi wake aliwafanyia wanaume. Cheo chake cha wakati ule kilikuwa cha msaidizi, lakini alikuwa ameshughulika na biashara ya kusambaza katuni kwa miaka mingi, na baadaye alipanda hadi kuwa meneja wa shirika hilo. Alijua wahariri wa magazeti ya miji midogo walikuwa wakinunua nini na kukataa nini, maarifa ambayo hayapatikani kwa kukaa juu ya wengine tu.

Ushauri wake unastahili kuangaliwa kama kazi ya ufundi. Jambazi wa kike angekuwa na tatizo ambalo katuni ya magazeti ya familia isingeweza kulibeba kwa muda mrefu: kila wiki angepaswa ama kutenda uovu bila adhabu, jambo ambalo wahariri wa Jumapili wasingelikubali, ama kukamatwa, na hapo hadithi ingekwisha. Ripota hana tatizo hilo. Kazi yake humruhusu kuingia kila mahali, ikulu, gerezani, baharini, kwenye karamu ya matajiri na kwenye maficho ya wezi, na humpa sababu halali ya kuondoka hadithi ikiisha. Humpa pia mhariri wa kumfokea, wenzake wa kumwonea wivu na saa ya mwisho ya kupeleka habari, ambayo ni chanzo cha taharuki kisichokauka. Zaidi ya yote, kazi hiyo humwezesha kubadili mavazi kwa sababu inayoeleweka, kwa kuwa anayekwenda jangwani Jumatatu na kwenye dansi Ijumaa hawezi kuvaa nguo moja.

Umbo la Brenda lilitoka kwenye dunia ya wasomaji wenyewe. Jina lake la kwanza lilitokana na Brenda Frazier, binti wa kitajiri ambaye magazeti na majarida ya New York yalimwandika mno mwishoni mwa miaka ya 1930, na sura na nywele zilifuata za mwigizaji Rita Hayworth. Ni uamuzi wa mtu aliyejua soko. Msomaji aliyefungua ukurasa alimwona mwanamke aliyekwisha kumtamani kwenye sinema, sasa akiwa na daftari la habari mkononi.

Ilibaki kupata mahali. Chicago Tribune, gazeti lililoongozwa na Robert McCormick, binamu wa Patterson, lilikuwa limeanza mwaka huohuo kutoa pamoja na toleo la Jumapili nyongeza yenye umbo la kitabu cha katuni. Sababu ilikuwa ya kibiashara: tangu Superman alipotokea mwaka 1938, vitabu vya katuni vya senti 10 vilikuwa vikiwavuta watoto na vijana mbali na magazeti, na magazeti yakaamua kuvijibu kwa kuviiga. Nyongeza ile ilikuwa na kurasa nyingi za kujazwa, na heshima yake ilikuwa chini ya ile ya kurasa za katuni za kawaida. Brenda aliwekwa humo. Patterson hakulazimika kumeza kauli yake, kwa kuwa gazeti lake halikuguswa. Shirika lilipata bidhaa mpya ya kuuza. Slott alipata mlango. Ningependa kusema kwamba ushindi ulipatikana kwa hoja, lakini ushahidi unaonyesha ulipatikana kwa nafasi ambayo hakuna mkubwa aliyeigombania.

Nguo

Hapa ndipo sifa ya katuni hii ilipojengwa, na hapa ndipo ilipodharauliwa pia.

Katuni ya Jumapili ya wakati ule ilichapwa kwa rangi na kusomwa polepole, sakafuni na mezani, na nyumba nzima. Messick aliijaza picha kila alipopata nafasi: kola, vifungo, glavu, manyoya ya kofia, mikunjo ya sketi. Brenda alibadili vazi kutoka tukio moja hadi jingine, na msomaji makini angeweza kufuatia miaka ya 1940, 1950 na 1960 kwa kutazama mabega, viuno na pindo zake peke yake. Kama ilivyokuwa kwa Tillie kabla yake, Brenda alitolewa akiwa mwanasesere wa karatasi wa kukatwa, na wasomaji walituma mitindo yao ya nguo. Msichana wa mji mdogo aliyeona gauni alilolibuni likivaliwa na Brenda katika gazeti la Chicago hakuhitaji kushawishiwa na mtu ili afungue ukurasa Jumapili iliyofuata.

Wachoraji wanaume waliikosoa kazi yake kwa kusema ina mapambo mengi na usanifu mchache, na katika baadhi ya fremu wako sahihi: miili hukakamaa, mandhari ya nyuma hukosa kina, na fremu iliyojaa nguo huwa haina pumzi. Lakini kasoro hizo haziniondolei imani kwamba walikuwa wakiipima kwa kipimo kisichokuwa chake. Caniff alichora kivuli ili msomaji ahisi hatari iliyo gizani. Messick alichora kitambaa ili msomaji ahisi anayetembea ndani yake ni mtu mwenye pesa zake mwenyewe. Nguo za Brenda hazikununuliwa na baba wala mume. Zilitokana na mshahara wa The Flash, na hiyo ndiyo tofauti yake na warembo wengi wa sinema za wakati ule, ambao nguo zao zilikuwa ishara ya mwanamume aliye nyuma yao. Brenda aliingia chumba cha habari akiwa amevaa vile alivyopenda, akadai habari nzito badala ya zile ndogondogo alizotupiwa, na akairudisha habari hiyo kwa wakati. Urembo haukuwa fidia ya kazi wala kazi haikuwa kisingizio cha urembo. Alikuwa navyo vyote viwili bila kuombwa achague.

Wanawake waliokuwa wakiandika habari katika magazeti halisi walimwandikia Messick kwamba maisha yao hayafanani hata kidogo na ya Brenda. Aliwajibu kwamba kama angeyafanya maisha ya Brenda yafanane na yao, hakuna ambaye angesoma. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, kwa kuwa katika miaka ile ripota wa kike alifungiwa mara nyingi katika kurasa za harusi, mapishi na jamii, na katuni iliyoonyesha milango wazi ingeweza kuonekana kama dhihaka. Hata hivyo nadhani jibu la Messick lina ukweli unaohusu zaidi ya mauzo. Brenda hakuwa ripoti ya hali ilivyo. Alikuwa picha ya hali ambayo msichana wa miaka 12 angeweza kuitaka kabla hajaambiwa kuwa haiwezekani.

Udhibiti wa shirika nao unatuambia kitu. Messick alipochora mstari wa kifua au kitovu, ofisi ilikuwa na kawaida ya kuufuta kabla ya michoro kupelekwa kwa magazeti. Wakati huohuo, katuni za wanaume zilizosambazwa na shirika hilo zilikuwa na wanawake hatari waliovaa kidogo kuliko Brenda. Dragon Lady wa Terry and the Pirates hakuvikwa mtandio na mtu. Ni wazi kwamba mwili wa kike uliochorwa na mwanamume ulihesabiwa kuwa sehemu ya hadithi, na uliochorwa na mwanamke ukahesabiwa kuwa jambo la kuangaliwa na mkubwa.

Miaka minane

Oktoba 1945 Brenda Starr ilianza kutoka kila siku pamoja na Jumapili. Hatua hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu shirika halianzishi katuni ya kila siku kwa ukarimu: inahitaji magazeti ya kutosha yaliyokubali kulipia katuni sita kwa wiki, za Jumatatu hadi Jumamosi, na inamlazimu mchoraji kuongeza kazi na wasaidizi. Mwaka huohuo Columbia ilitoa filamu ya mfululizo ya Brenda Starr akiigizwa na Joan Woodbury. Vita vilikuwa vimewapeleka wanawake wengi viwandani na maofisini, na mhusika anayefanya kazi nje ya nyumba hakuwa tena ndoto ya mbali kwa msomaji wake.

Patterson alifariki Mei 1946. New York Daily News ilianza kuichapisha Brenda Starr mwaka 1948. Tuitazame hali hii kwa macho ya biashara peke yake. Mchapishaji mmoja alikuwa na katuni ambayo shirika lake mwenyewe lilikuwa likiiuza kwa magazeti mengine, ambayo wasomaji wake wangeipata bila gharama ya ziada, na bado gazeti lake lenye wasomaji wengi kuliko gazeti lolote la kila siku nchini likabaki bila katuni hiyo kwa miaka minane. Gharama ya uamuzi ule ilimrudia yeye. Katika miaka ya 1950 katuni hiyo ilifikia kilele chake, ikichapishwa katika magazeti yapatayo 250.

Kuna jambo katika kipindi hicho cha mafanikio ambalo silipendi, na haki inataka nilitaje. Hadithi ilizidi kuelemea kwa Basil St. John, mwanamume wa ajabu mwenye kiraka cha jicho, anayeugua maradhi yanayotulizwa kwa dawa ya okidi nyeusi, anayetokea na kutoweka. Kusubiri kwake kukachukua nafasi ya habari. Wakati mwingine wiki nzima hupita Brenda akilia, na chumba cha habari kinabaki mandhari ya nyuma. Vilevile Hank O'Hair, ripota mwenzake mwanamke mwenye nywele fupi na mavazi yasiyo ya mapambo, alichorwa kwa miaka mingi kama kitu cha kuchekwa, ingawa yeye ndiye aliyefanana zaidi na wanawake waliokuwa wakifanya kazi hiyo kweli. Messick alimfungulia mlango mwanamke wa namna moja na akaacha wa namna nyingine wasimame nje. Brenda na Basil walioana mwaka 1976, na Rais Gerald Ford akatuma salamu za pongezi kwa simu ya maandishi. Ndoa hiyo, kwa maoni yangu, iliipokonya hadithi nguvu yake ya mwisho ya taharuki.

Mlango mwingine, mji mwingine

Kisa hiki kinaeleweka vizuri zaidi kikiwekwa karibu na kingine kilichotangulia kwa miaka mitatu. Tarehe 1 Mei 1937 gazeti la Pittsburgh Courier, lililomilikiwa na Wamarekani weusi na kusomwa katika miji mingi ya nchi, lilianza kuchapisha Torchy Brown in Dixie to Harlem, katuni ya Jackie Ormes, mwanamke mweusi aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1911 kwa jina la Zelda Jackson. Torchy ni msichana wa kijijini kusini anayekwenda New York na kupata jina kwenye ukumbi wa Cotton Club. Katuni ilidumu mwaka mmoja. Ormes alirudi na mhusika huyo mwaka 1950 katika Torchy in Heartbeats, iliyokwenda hadi 1954, ikiambatana na mwanasesere wa karatasi na nguo zake chini ya kichwa Torchy Togs. Huko Torchy alikuwa mwanamke mwenye mitindo ya hali ya juu, na katika hadithi ya mwisho anafanya kazi pamoja na daktari katika mji unaotiwa sumu na kiwanda, ambapo ubaguzi wa rangi na uchafuzi wa mazingira vinashughulikiwa waziwazi, jambo ambalo Brenda hakuligusa kamwe kwa ujasiri huo.

Ormes hakuwahi kusambazwa na mashirika makubwa ya magazeti ya wazungu. Hakukuwa na Mollie Slott wa kuitoa kazi yake kwenye rundo, kwa kuwa katika mashirika hayo mwanamke mweusi hakuhesabiwa hata miongoni mwa wanaoweza kukataliwa. Lakini katika Courier, ambako hakuhitaji kujifanya mwanamume wala kumfuta kitovu mhusika wake kwa amri ya wasiomjua msomaji wake, alisema mengi zaidi katika miaka michache kuliko Brenda Starr katika miongo. Nikiviweka visa hivi pamoja, narudi tena kwa mtu aliyeketi mezani: anayeamua kipi kichapwe, anamjua nani, na anamwogopa nani.

Waliofuata

Messick aliacha kuchora katuni hiyo mwaka 1980. Shirika, ambalo miaka 40 nyuma halikutaka mwanamke mmoja, lilimkabidhi michoro mwanamke mwingine, Ramona Fradon, na alipoondoka mwaka 1995 akafuata June Brigman, naye pia mwanamke. Mwaka huo Idara ya Posta ya Marekani ilitoa stempu 20 za kuadhimisha katuni za magazeti, na Brenda Starr alikuwa peke yake kati ya 20 aliyebuniwa na mwanamke. Chama cha wachoraji katuni cha Marekani, ambacho kilipoundwa mwaka 1946 hakikuwaruhusu wanawake kuwa wanachama, kilimpa Messick tuzo ya kazi ya maisha mwaka 1997. Alifariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 98.

Aliyeniridhisha zaidi kati ya warithi ni mwandishi wa hadithi. Kuanzia 1985 maneno ya Brenda yaliandikwa na Mary Schmich, aliyekuwa mwandishi wa habari wa Chicago Tribune, gazeti lilelile la mwaka 1940. Kwa mara ya kwanza Brenda alikuwa anasemeshwa na mwanamke aliyeijua saa ya mwisho ya kupeleka habari kwa kuiishi, na chumba cha habari kikarudi mbele ya picha: fitina za wamiliki, wahariri wanaohesabu senti, ripota anayejiuliza kama taarifa yake itachapwa. Schmich na Brigman waliendelea hadi tarehe 2 Januari 2011, siku ambayo Brenda aliaga The Flash na katuni ikafungwa. Mwaka uliofuata Schmich alipata tuzo ya Pulitzer kwa safu yake katika Tribune.